Fundi wa Kibuye na Honi ya Mvua

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Nasema hivyo bila kujivuna, ingawa nikijivuna nina haki. Nimeona gugumaji limefunika ziwa mpaka kuku wanatembea juu ya maji, mahali ambapo wiki iliyopita boti zilikuwa zinapita. Nimeona kiboko amesimama mbele ya kinu cha posho asubuhi, ametulia kama anayengoja zamu yake. Nilianza na baiskeli moja isiyo na breki, nikibeba omena, wale dagaa wa ziwa, kutoka Usenge, na nikafika kuwa na lori mbili zenye jina langu mbele na nyuma. Shule niliachia darasa la nne, na sikuachwa na chochote. Mtu akiniambia njoo uone ajabu, mimi humwambia ailete hapa nilipo, nione nikiwa nakula.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenisumbua katika jambo hilo. Tulimwita Fundi. Jina alikuwa nalo kama watu wote, lakini halikuwa na kazi. Mke wake alimwita Fundi. Watoto wake walimwita Fundi. Hata pasta akiombea wagonjwa Jumapili alisema, "Bwana, mkumbuke Fundi na mgongo wake," na hakuna aliyeona ajabu, maana hata Mungu tulijua anamjua hivyo.

Kibanda chake kilikuwa soko la Kibuye, mjini Kisumu, upande wa wauza vyuma, lakini nyumba yake ilikuwa Usenge, kando ya ziwa. Siku za kazi alilala mjini, Jumamosi akapanda lori langu kwenda nyumbani. Alipanda bure kwa sababu alinitengenezea redio ya lori, na mimi nilimbeba bure kwa sababu redio ile ilikataa kuharibika tena, kwa hiyo deni halikuisha. Alikuwa mrefu, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja, na mdomoni alikuwa na nati. Namaanisha nati za kufungia vyuma. Ukimsalimia, alitoa kwanza nati tatu au nne, akaziweka kiganjani, akajibu salamu, akazirudisha. Habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, alizijibu zote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu alisema nati zikikauka zinakuwa na ladha mbaya.

Kibanda kile kilikuwa na makopo ukuta mzima. Kila kopo lilikuwa na maandishi, na maandishi hayo yalieleza kilichokuwemo zamani. Kopo la kakao lilikuwa na fyuzi. Kopo la mafuta ya kupikia lilikuwa na vioo vya tochi. Kakao yenyewe ilikuwa kwenye kopo la dawa ya mbu, na alikuwa anainywa, na hakufa. Nikamwambia siku moja abadilishe maandishi. Akaniuliza, "Kwani wewe ulipopata lori ulibadilisha jina?" Nilifikiria jambo hilo kutoka Kibuye mpaka Kisian, na mpaka leo sijui kama alikuwa amenijibu.

Siku aliyonirudishia ile redio, nilikuta skrubu nne juu ya meza.

"Fundi, hizi ni za wapi?"

"Za redio yako."

"Sasa mbona ziko nje?"

"Bwana, waliotengeneza hiyo kitu walikuwa waoga. Kila mahali wameweka skrubu mbili. Mimi nimeitoa woga."

Redio ikaimba miaka kumi na moja. Lakini yeye nyumbani kwake hakuwa na redio. Alisema amechoka kusikia watu wasiomjua, anataka kusikia kuku. Alitengeneza saa za nusu ya Kisumu, na hakuvaa saa, akawa ananiuliza mimi. Alichezea nyaya za stima kwa vidole vyake kila siku, lakini radi ikianza upande wa ziwa alivua mshipi, akavua miwani, akatoa nati mdomoni, akakaa katikati ya kibanda mikono juu ya magoti, hana chuma hata kimoja mwilini, kama mtu anayengoja kupigwa picha.

Usidhani alikuwa mtu wa kusoma sana. Alisoma kilichomfikia. Miaka ya themanini, magazeti ya mafundi wa nje yalifika Kibuye kwa njia moja tu, yaani kufunga njugu. Kuna mama alinunua kwa kilo magazeti ya mzungu mmoja aliyehama, akawa anayakata na kukunja vifuko. Fundi akanunua njugu siku moja, akala, akafungua kifuko, akakuta mchoro wa mashine. Ilikuwa nusu. Chini kuliandikwa kwamba habari inaendelea ukurasa unaofuata.

Akarudi kununua njugu nyingine. Mama hakukubali achague karatasi, alisema biashara ni njugu, si maktaba. Basi Fundi alikula njugu wiki tatu. Tumbo likamvimba, macho yakawa ya njano, na ukurasa haukutokea. Mwishowe mama akakumbuka kwamba kifuko chenye picha kama zile alimpa mwanamke mmoja aliyekuwa anasafiri kwenda Sondu. Fundi akafunga kibanda, akaenda Sondu. Akamtafuta yule mwanamke siku nzima, akampata, akapewa uji, akauliza habari ya karatasi. Karatasi ilikuwa imewasha moto ule uliopika uji aliokuwa ameushika.

Akarudi akaijenga ile mashine kwa nusu aliyokuwa nayo, hiyo nusu nyingine akaitunga. Ilikuwa taa inayowaka ukipiga chafya. Ukiongea haiwaki, ukipiga makofi haiwaki. Kwa wiki mbili watu wa Kibuye walikuja na ugoro kutoka pande zote, wakapanga foleni, wakapiga chafya. Mimi mwenyewe niliiwasha mara sita mfululizo, na hakuna aliyenipita.

Kwa hiyo mnaweza kuelewa ilivyokuwa, miaka ya tisini ikielekea kuisha, mtandao ulipofika Kisumu. Ilifunguliwa saiba moja mjini, ghorofani, kompyuta nne na dada mmoja mpole mwenye daftari la dakika. Fundi akapelekwa na mteja, akaketi, akaonyeshwa kwamba kuna mahali mafundi wa dunia nzima, wasio na kazi nyingine, wanaweka vitu walivyojenga na kueleza walivyovijenga, na wengine wanapita wakiokota yale ya kufurahisha na kuyaweka pamoja kwenye ukurasa mmoja. Bure. Bila njugu. Dada wa saiba aliniambia baadaye kwamba Mzee alitoa nati zote mdomoni, akazipanga mezani, na hakuzirudisha mpaka jioni.

Kuanzia hapo tukampoteza kila Alhamisi. Alikuwa na daftari la shule la mistari, akawa ananakili michoro kwa penseli. Ukurasa ulifunguka polepole kama pazia la mtu mvivu, na dakika zilikuwa zinahesabiwa. Lakini Fundi ni Fundi. Akagundua kwamba ukurasa ukishafunguka wote, unaweza kuchomoa waya wa simu na picha ikabaki kwenye kioo.

"Mzee, umechomoa nini?"

"Nimekupunguzia gharama."

"Dakika zinaendelea, Mzee. Kiti umekalia."

Akasimama. Akawa ananakili akiwa amesimama. Yule dada akakosa la kuandika kwenye daftari lake.

Jumamosi alileta daftari Usenge, na pale ufukweni, wanawake wakigeuza omena kwenye nyavu zilizotandazwa mchangani, aliwasomea. Kuna mtu amejenga saa inayoendeshwa na maji yanayodondoka. Kuna mtu ameweka pangaboi la gurudumu la baiskeli juu ya paa, upepo ukilizungusha linawasha taa ya choo. Kuna mwanamke amesuka sweta ya waya, sweta inashika redio. Wanawake walisikiliza kama wanavyosikiliza habari za vifo, wakiguna mahali panapostahili. Lakini walichokipenda kuliko vyote kilikuwa paka.

Kulikuwa na mzungu mmoja, nchi ya baridi, aliyejenga mizani chini ya kikapu cha paka wake. Paka akilala, uzito unaingia kwenye kompyuta, na dunia nzima inausoma. Kazi yake ni hiyo tu. Fundi akawa analeta uzito wa paka kila wiki, na kabla hajakaa chini Mama Mwenyekiti alikuwa ameshauliza. Huyu Mama Mwenyekiti ndiye aliyeongoza wanawake wa omena pale, mama mnene, mtaratibu, ambaye akipima kwa gorogoro yake, lile kopo la kupimia, huwezi kumwibia hata samaki mmoja, na nimejaribu.

"Fundi, paka wa mzungu anaendeleaje?"

"Kilo sita na robo."

"Juzi alikuwa sita kamili."

"Ndiyo."

"Huyo ana mimba."

Wakabishana mpaka omena ikakauka upande mmoja. Fundi akatumwa aulize. Akaandika barua ya mtandao kwa msaada wa dada wa saiba, na baada ya siku tisa jibu likaja. Paka ni dume. Na yule mzungu alishukuru sana, akasema watu wengi wanaandika kuuliza habari za mizani, lakini hakuna aliyewahi kuuliza habari za paka.

Wanawake wakarudi kugeuza omena. Mmoja akasema, "Basi anakula tu."

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Adui wa omena ni mvua. Omena ikilowa ikiwa imekauka nusu, inageuka nyeusi, inanuka, hata bata hawali. Na mvua ya ziwa haibishi hodi. Wanawake wakitandaza nyavu asubuhi wanaenda shambani, wanaenda kisimani, wanaenda kanisani kwa mkutano wa akina mama, na wakirudi mbio wakati mwingine wanakuta supu. Fundi akasimama mbele yao Jumamosi moja, mke wake akiwepo, akawaambia atawajengea mashine ya kuwaita mvua ikianza. Alikuwa ameiona mtandaoni. Alisema mbele ya wote kwamba msimu huo hakuna omena itakayolowa Usenge. Hakuna aliyemwomba aseme hivyo.

Mashine yenyewe ilikuwa rahisi, hata mimi niliielewa. Unachukua kibanio cha nguo, unafunga waya kwenye kila upande wa mdomo wake, halafu katikati ya mdomo unatia kitu kinachoyeyuka. Mvua ikidondoka, kitu kinayeyuka, mdomo unafunga, waya zinagusana, betri ya gari inapiga honi. Kwenye mtandao walitumia kipande cha sukari. Fundi akachonga kipande cha sukari nguru, akakiweka, akafunga kibanio juu ya mlingoti katikati ya ufuko.

Honi niliitoa mimi. Nilikuwa nimenunua Nairobi honi mbili za midomo mitatu, za kufanana, moja kwa kila lori. Zilikuwa zinaimba sauti tatu, ya mwisho ndefu. Lori la pili lilikufa kwenye mteremko wa Sondu, honi ikabaki nzima. Fundi hakuiomba. Mimi ndiye niliyemwambia, "Chukua. Ile kitu yako isilie kama kifaranga." Mimi ni mtu wa kutoa, muulize mtu yeyote.

Siku ya pili honi ililia jua likiwaka. Sukari nguru imeondoka. Mtu ametia kwenye uji. Fundi akaweka chumvi ya mawe, ikaenda kwenye mboga. Akaweka kipande cha sabuni, kikafua nguo. Akaweka kidonge cha maumivu ya kichwa, na siku hiyo honi ililia kabla hajashuka kwenye ngazi, maana mama mmoja alikuwa nyuma yake anangoja na maji ya kumezea. Akaona aweke kitu cha bure kabisa, akaweka udongo. Lakini alichagua ule udongo laini, odowa, ambao wanawake wenye mimba hutafuna. Msimu ule Usenge ilikuwa na mimba saba.

"Mama Mwenyekiti," Fundi akalalamika, "wananilia mashine."

"Wewe unaweka chakula juu ya mti halafu unashangaa watu kupanda?"

"Ni cha mvua."

"Mvua haijasema ina njaa."

Alhamisi akaenda saiba akauliza dunia: ni kitu gani kinachoyeyuka kwa maji na hakina kazi nyingine nyumbani? Aliyejibu alikuwa mwenye paka. Akasema chovya ile sukari kwenye mafuta ya taa, ianike juani siku moja. Itayeyuka vilevile, lakini hakuna mtu ataitaka. Fundi akachovya. Mama mmoja akalamba, akatema mpaka jioni, na kuanzia hapo mashine ikaachwa bila kuguswa. Ikawa inafanya kazi sawasawa. Na hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Maana lori langu lilikuwa na honi ileile. Mimi nikivuka kile kidaraja cha kuingia Usenge hupiga honi, nimepiga hivyo miaka yote, ili wanawake wafungue magunia na wajipange kwa bei. Jumanne ile nikapiga. Nikafika ufukweni, hakuna nyavu, hakuna omena mchangani. Wanawake wote wako chini ya paa, omena imekunjwa mbichimbichi ndani ya magunia, wanatazama mbingu. Mbingu ilikuwa safi kama sahani.

"Mnafanya nini?"

"Tunakimbia mvua."

"Mvua gani?"

Mama Mwenyekiti akalitazama lori, akautazama mlingoti. "Kumbe ni wewe."

Omena ile ilioza ndani ya magunia. Alhamisi, Fundi akiwa saiba, mvua ikaja kweli. Honi ikalia sauti zake tatu. Wanawake, ambao sasa wamekuwa wajanja, wakasema hiyo ni lori. Wakafunga vitambaa vya kichwa vizuri, wakakaa kando ya magunia, wakaanza kupanga bei ya kuniambia. Walikuwa bado wanapanga mvua ilipowapiga migongoni. Nyavu ishirini na mbili zikalowa. Mimi siku hiyo nilikuwa Busia.

Jumamosi wakamwita Fundi kwenye mkutano, na mimi nikawepo kwa sababu ndiye niliyemleta. Mama Mwenyekiti hakupaza sauti. Alisema, "Watoto wetu wanasoma kwa hii omena. Ulisema haitalowa. Imeoza mara moja na imelowa mara moja, na kabla ya mashine yako ilikuwa inalowa tu." Halafu akamwita kwa jina lake.

Nilikuwa sijawahi kulisikia. Lilikuwa jina la kawaida, la mtu yeyote. Watu wakaangalia chini. Nati zikamtoka Fundi mdomoni moja moja, zikaanguka mchangani, na hakuziokota.

"Tunakupa mpaka mvua nyingine," Mama Mwenyekiti akasema. "Omena ikilowa tena, utang'oa nyaya zako, na hilo ndilo jina tutakuita hapa mpaka uzikwe. Fundi hatutasema tena."

Mke wake alikuwa ameketi mstari wa pili. Nilimwona akijaribu lile jina kwa midomo, bila sauti, kuona litakaaje.

Jumatatu nilirudi naye Kisumu. Nikamwuliza kama ana honi nyingine. Akasema zilizo Kibuye zote, sauti yake haiwezi kuvuka ufuko upepo ukivuma. Nikamwuliza atafanya nini. Akasema atauliza dunia. Nikamwambia vizuri, dunia ina watu wengi. Tulipofika Kisian nikawapigia honi wauza ndizi kama kawaida yangu, wakanipungia wote, na yeye akafumba macho.

Ijumaa nilikuwa mjini kwa shughuli zangu, nikasema hebu niende nikaone hiyo saiba inayomla mtu. Nikapanda ngazi. Yule dada akanitazama, akatazama funguo za lori mkononi.

"Samahani, Mzee. Wewe ndiye Bwana wa lori?"

"Unanijua?"

"Unajulikana mpaka nje."

Nikavuta kiti. Sikushangaa, nilijua siku moja jambo kama hilo litatokea, lakini nilitaka kusikia kwa kina. Kiingereza changu ni cha bei na uzito tu, kwa hiyo dada akanisomea akitafsiri. Mwenye paka alikuwa ameichukua mashine ya Fundi akaiweka kwenye ule ukurasa wa vitu vilivyookotwa, pamoja na swali: mvua na lori vina honi moja, watu watatofautishaje? Majibu yalikuwa kumi na moja.

"Wa kwanza anasema, mwambie mwenye lori atoe honi yake," dada akasoma.

"Na wa pili?"

"Atoe honi."

"Endelea."

"Wa tatu ana mchoro mrefu wa mitambo, halafu chini anasema, au lori litoe honi. Wa nne, wa tano, hivyohivyo. Wa sita anauliza kama mwenye lori ni mtu mkali."

"Fundi alimjibu?"

"Aliwajibu wote pamoja. Nilimwandikia mimi." Akasogeza ukurasa, ukapanda polepole. "Anasema, mwenye lori alinipa honi hii bila kuombwa. Siwezi kwenda kumwambia sasa alifanye lori lake bubu. Ile honi anaipenda. Tafadhali leteni njia nyingine."

"Wakaleta?"

"Kuna mmoja amesema Fundi ahame."

"Hayo majibu ameyaona lini?"

"Jumatano. Wiki hii amekuja kila siku. Alinakili yote kwenye daftari. Akaniambia akiulizwa Usenge, atasema bado hawajajibu."

Nikakaa pale. Nilikaa mpaka dada akaniambia kwamba kiti kinahesabiwa. Ile honi, ni lazima muelewe, haikuwa chuma tu. Mimi niliingia Usenge mara ya kwanza kwa baiskeli, na hakuna mtu aliyegeuka. Niliingia miaka saba bila mtu kugeuka. Siku niliyoingia na ile honi, hata mbuzi waligeuka.

Kesho yake, Jumamosi, Fundi hakuja kupanda lori. Alikuwa ametangulia kwa gari lingine. Wingu lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa ziwa. Nilipofika Kisian nikasimama, nikafungua boneti, nikachukua koleo, nikakata nyaya za honi. Nilikata nyingi kidogo kuliko zilizohitajika kwa sababu sikuzijua. Wauza ndizi wakaniuliza nimeharibikiwa na nini. Nikawaambia wauze ndizi.

Nikaingia Usenge kama mwizi. Kwenye kidaraja ng'ombe waliniziba, ikabidi nishuke niwasukume kwa mikono, mimi na umri wangu na lori langu. Nikafika ufukweni, hakuna aliyeinua kichwa. Omena ilikuwa mchangani, imekauka, inang'aa kama sarafu mpya. Nikatembea mpaka nyuma ya Mama Mwenyekiti, nikasimama.

"Umekuja na nini?" akauliza, ameshtuka.

"Na lori. Liko pale."

"Hatujasikia."

Kabla sijajibu, tone moja likanipiga kwenye paji. Na pale juu ya mlingoti honi ikalia, sauti tatu, ya mwisho ndefu.

Wanawake wote wakageuza shingo kutazama njiani, kwa mazoea. Halafu wakatazama lori, limesimama, halina mtu. Halafu wakanitazama mimi, nimesimama kati yao mikono mitupu. Niliona wanavyopiga hesabu. Kama mwenye lori ni huyu hapa, basi anayelia juu ni nani?

"Mvua," Mama Mwenyekiti akasema.

Sijawahi kuona nyavu zikikunjwa vile. Mimi mwenyewe nilibeba magunia mawili, na hayo si maneno, wapo walioona. Mvua ilipofika kwa nguvu zake hakukuwa na hata omena moja nje. Tulisongamana chini ya paa, tukinuka samaki na mafuta ya taa, honi bado inalia kwa sababu Fundi peke yake ndiye aliyejua kuizima. Fundi alikuwa amekaa kwenye kona, mshipi ameuvua, miwani ameivua, mikono juu ya magoti, anaogopa radi.

Mama Mwenyekiti akamimina chai kwenye kikombe, akampita mume wake, akampita pasta, akanipita mimi.

"Fundi," akasema. "Kunywa kabla haijapoa."

Mke wake akacheka kwanza. Wengine wakafuata.

Mvua ilipopungua Fundi alitoka akaenda mbele ya lori langu. Akainama, akazitazama zile nyaya zinavyoning'inia.

"Nani amekata hivi?"

"Mimi."

"Umekata vibaya." Akazishika moja moja. "Hii ilikuwa ya taa."

Hakunishukuru, na mimi sikumweleza nilikokwenda Ijumaa. Niliendesha lori bubu miezi saba. Nilitoa kichwa dirishani nikawa napiga kelele kwa ng'ombe, kwa baiskeli, kwa wanafunzi, mpaka sauti ikawa ya mzee. Kila nikimkumbusha Fundi juu ya honi nyingine alisema subiri, naangalia mtandaoni.

Mara ya mwisho nilipomkuta kwenye kile kibanda cha Kibuye akiwa bado na macho yake, kabla hajapofuka, aliniita kwa mkono, mdomo umejaa nati. Alikuwa ameijenga honi yangu mwenyewe, kutoka kwa kengele ya mlango na kopo, kwa mchoro wa mtu wa mbali. Akaifunga kwenye lori, akafanya kazi mpaka saa sita, akaniambia nibonyeze. Ililia kama mwanakondoo aliyekanyagwa. Kibuye nzima ikageuka, halafu ikacheka.

"Hakuna mvua italia hivyo," Fundi akasema.

"Hakuna lori pia."

"Hakuna. Utajulikana."

Nikabonyeza tena, kuhakikisha. Halafu yeye akatoa nati mdomoni, akaziweka kiganjani, akachukua kipande cha katoni na penseli, akaniandikia, akaniwekea mbele. Honi, mia nne na themanini. Waya, sitini na tano. Kazi ya fundi, mia mbili.

"Hata mimi, Fundi?"

"Hata wewe."

Nikatoa pesa nikahesabu mbele yake, shilingi mia saba arobaini na tano.